Anza na Maji: Kutengeneza Nyumba kwa Mikono Yako Ifo

Ukizunguka Ifo wiki moja baada ya mvua kubwa, nyumba zilizo hatarini utazitambua kwa kutazama chini. Ukuta wa udongo umelika kimo cha shibiri kutoka ardhini, fito zinachungulia, ilhali mabati juu yako sawasawa. Mwenye nyumba anahangaika kutafuta pesa za mabati mapya, na kinachoiangusha nyumba yake kiko miguuni pake.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo kosa linalogharimu familia nyingi hapa: tunatengeneza panapoonekana, tunaacha panapooza. Kazi nyingi ndogo za nyumba za Ifo, na za Dadaab mjini, Garissa na vijiji vya njiani, mtu anaweza kuzifanya mwenyewe, mwanamke kwa mwanamume, kwa vifaa vichache vya kuazimana. Ila zina utaratibu wake. Tangulia na maji ya chini, ufuate ukuta, kisha paa, halafu nguzo na milango. Ukiupindua utaratibu huo, utakandika ukuta uleule kila msimu na hutajua kwa nini.

Kwa nini tusingoje

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992, na zote tatu zilipangwa kwa watu wapatao 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipowasukuma watu wengi kutoka Somalia, wakazi wa Dadaab walipita 400,000. Nyumba zilijengwa kwa fikra ya kukaa kidogo tu: turubai, matawi, udongo, na mabati pale yalipopatikana. Kambi mpya ya Ifo 2 ilipokuwa ikiandaliwa, kulianza kujengwa nyumba za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kutiwa saruji kidogo. Serikali ikasimamisha kazi hiyo, kwa kuwa nyumba zile zilionekana za kudumu mno. Tangu hapo tumepata Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi pamoja na wenyeji.

Mipango hiyo ina mwendo wake, na mvua nayo ina wake. Novemba 2006 maji yaliifurikia Ifo kuliko kambi nyingine, vyoo vikabomoka na maelfu ya watu wakahama kutafuta mwinuko. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikatukumbusha tena. Mtoto anayelala chini ya paa linalovuja anahitaji paa hilo lizibwe msimu huu, hata kama suala la hati ya ardhi litachukua miaka. Ukitaka kuinua jengo jipya la mawe na saruji, ulizia kwanza Idara ya Huduma za Wakimbizi na viongozi wa bloku yako. Lakini kuziba, kukandika na kuchimba mfereji ni wajibu wa anayelala ndani, awe ana hati au hana.

Misimu ndiyo ratiba

Wazee wa huku huhesabu mwaka kwa misimu minne, na mwenye kutengeneza nyumba hana ratiba bora kuliko hiyo. Jilaal, kiangazi cha Januari hadi Machi, ni wakati wa kazi za udongo: mifereji, sakafu na kukandika. Maji ni ya shida msimu huo, kwa hiyo weka kando yale ya kufulia na kuogea, udongo hauyabagui. Gu ikianza, kuanzia Aprili, usishike mwiko. Simama mlangoni wakati wa mvua utazame maji yanaingilia wapi na yanatuama wapi, kisha uchomeke vijiti kuweka alama. Hagaa, Julai na Agosti, huja na upepo wa kusi wenye vumbi, kwa hiyo paa liwe limefungwa barabara kufikia Juni. Septemba ni ya kuzibua mifereji, maana Deyr hubisha hodi Oktoba.

Mvua yetu ni haba. Garissa hupata wastani wa milimita mia tatu na kitu kwa mwaka, lakini humwagika kwa mkupuo juu ya ardhi tambarare iliyokauka kama kigae. Ndiyo maana nchi kame kama hii inaweza kufurika kwa alasiri moja.

Vifaa vya kutosha

Huhitaji sanduku la fundi. Kwa nyumba nyingi zinatosha nyundo yenye kucha, koleo, msumeno mdogo, bisibisi, mwiko, futi ya kupimia, sepetu na sululu. Nyumba nne au tano zikichanga, kila moja inanunua kifaa kimoja au viwili na wote wanatumia. Andikeni nani anatunza nini, na kila kifaa kirudi kikiwa kimeoshwa. Sepetu iliyoachwa na udongo hushika kutu haraka, na nyundo yenye mpini uliolegea humwumiza mtu wa pembeni. Misumari ya mabati, waya wa kufungia na washa za mpira hupatikana soko la Bosnia hapa Ifo. Kabla ya kununua washa, ikunje kwa vidole. Ikionyesha nyufa ukiwa bado dukani, jua halitaiacha mwaka.

Tuna hazina nyingine tunayoipuuza. Vijana wengi wamepitia mafunzo ya ufundi katika vituo vya vijana vya Norwegian Refugee Council hapa Dadaab. Mlipe mmoja wao saa mbili akuonyeshe kazi huku wewe ukiifanya, badala ya kumlipa siku nzima ukikaa kivulini.

Maji ya chini

Jambo la kwanza ni kujua ardhi yako imeinamia wapi. Katika ardhi tambarare kama ya Ifo jicho hudanganya, kwa hiyo tumia maji yenyewe. Tafuta bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, urefu wa mita kumi hivi. Lijaze maji uliyotia chai kidogo ili yaonekane, na uhakikishe hakuna mapovu ndani. Mtu mmoja ashike ncha moja mlangoni, mwingine ashike ya pili kule unakodhani maji yanapaswa kwenda. Ncha zote mbili zikiwa wazi na juu, maji yakitulia yatakuwa usawa mmoja pande zote. Sasa pima kutoka usawa wa maji hadi ardhini. Mlangoni ukipata sentimita 80 na kule upande wa choo ukapata 92, upande wa choo uko chini kwa sentimita 12. Maji yatakimbilia huko upende usipende. Basi mfereji wako ukinge mkondo huo mapema, uyapeleke mahali salama, mbali na shimo la choo.

Chimba mfereji angalau hatua moja kubwa kutoka ukutani. Ukiuchimba karibu zaidi, unajichimbia ukuta wako mwenyewe. Kina cha sentimita 20 hadi 30 kinatosha, na kitako cha mfereji kishuke angalau sentimita moja kwa kila mita. Udongo unaoutoa usiutupe: urundike kati ya mfereji na ukuta, uloweshe kidogo na uushindilie kwa gogo zito, uinamie nje. Hapo unapata baraza ya kuzunguka nyumba, na matone yanayoruka kutoka paani yanapiga baraza badala ya ukuta. Ukipata mawe madogo, yapange juu yake.

Kisha nenda kwa jirani kabla mfereji haujafika kwake. Maji unayoyatoa kwako usiku wa mvua yataingia nyumbani kwa mtu fulani, na ugomvi mwingi wa bloku huanzia hapo. Mfereji mmoja unaopita mbele ya nyumba kumi, uliochimbwa na nyumba kumi kwa siku moja, una faida kuliko mifereji kumi inayorushiana maji. Kiongozi wa bloku ndiye wa kuitisha kazi hiyo. Msipeleke maji kwenye kituo cha kuchotea maji, wala kwenye vyoo. Dadaab imepata kipindupindu zaidi ya mara moja, mwaka 2015 na tena kuanzia 2022, na maji ya mafuriko yaliyopitia chooni husafirisha ugonjwa huo hadi mlangoni pa kila mtu.

Ndani ya nyumba, sakafu iwe juu ya ardhi ya nje, sentimita 15 ukiweza. Ongeza udongo kwa matabaka ya vidole vinne vinne, unyunyize maji kidogo, ushindilie kila tabaka mpaka kisigino kisiache alama. Ukimwaga udongo wote kwa mpigo, juu patakuwa pagumu na chini patabaki unga.

Ukuta

Udongo wa kukandikia una siri ndogo: mfinyanzi ukizidi, ukuta hupasuka, mchanga ukizidi, ukuta hupukutika. Udongo wa Ifo mara nyingi una mchanga mwingi, kwa hiyo utafutie mfinyanzi. Ulio bora ni wa kichuguu kilichohamwa na mchwa. Gonga kwa fimbo ndefu kabla ya kuingiza mkono, maana nyoka hupenda mashimo hayo. Usichague kwa kubahatisha. Changanya sehemu moja ya udongo wa kichuguu na moja ya mchanga. Kisha moja kwa mbili. Kisha moja kwa tatu. Pakaza kila mchanganyiko ukutani, kipande cha ukubwa wa kiganja, na usubiri siku tatu. Kipande ambacho hakikupasuka na hakiachi vumbi ukikisugua kwa kidole gumba ndicho kitakachokufaa.

Ongeza nyasi kavu zilizokatwakatwa, urefu wa kidole, na samadi ya ng'ombe au punda. Nyasi hushikanisha udongo usipasuke, samadi huupa ugumu mbele ya mvua. Loweka mchanganyiko siku kadhaa, ukiukanyaga kila siku. Kisha kwangua sehemu mbovu ya ukuta mpaka ufikie pagumu, lowesha kwa maji, na utupie tabaka la kwanza kwa nguvu ili lishike. Lichorechore kwa kijiti likiwa bichi. Likikauka, paka la pili jembamba na ulilainishe. Anza asubuhi upande wenye kivuli na ulifuate jua kwa nyuma, kwa sababu udongo unaokaushwa na jua la saa saba hupasuka hata mchanganyiko ukiwa mzuri.

Hapa pana jambo la kusisitiza. Usipake saruji juu ya ukuta wa udongo. Nimeona familia zikinunua mfuko wa saruji kwa pesa za dhiki, zikaupaka juu ya udongo, na baada ya misimu miwili ganda lote likabanduka na kudondoka. Saruji na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja, na unyevu ukinaswa nyuma ya saruji, udongo unalainika bila mtu kuona. Saruji yako iweke kwenye kizingiti cha mlango na mahali pa kuogea, ndipo inapolipa.

Turubai

Wapo bado wanaoishi chini ya turubai, hasa waliofika miaka ya karibuni. Turubai huuawa na jua na matundu. Usilitoboe kulifunga. Weka jiwe dogo la mviringo chini ya turubai, likunje turubai kulizunguka, na ufunge kamba shingoni mwa fundo hilo kwa nje. Umepata pa kuvutia bila tundu hata moja. Ikibidi kugonga msumari, tanguliza kipande cha mpira wa tairi ili kichwa cha msumari kisichane.

Kina mama waliokulia kwenye aqal wanayajua mengi zaidi kuhusu jambo hili kuliko mafundi. Kwa desturi ya Wasomali wafugaji, mwanamke ndiye anayeisimamisha nyumba hiyo, anayeyakunja matawi upinde na kufunga mikeka ili upepo uteleze juu yake. Umbo la mviringo, lililo chini, lenye kamba zinazovuta kutoka pande zote, hustahimili upepo wa Hagaa kuliko boksi la turubai lenye pembe nne. Ukiwa naye nyumbani bibi anayeujua ufundi huo, mwite kabla hujamwita fundi.

Paa

Matundu ya paa hutafutwa mchana jua likiwa utosini. Funga mlango na dirisha, kaa ndani gizani dakika chache macho yazoee, na kila tundu litaonekana wazi. Chomeka kijiti chembamba au waya katika kila moja ili ukipanda juu ulione. Usipande saa hiyo hiyo. Bati la mchana huunguza, na mtu anayeruka kuepuka moto huanguka. Panda kesho yake alfajiri.

Ngazi isimame imara: ikiegemea kimo cha mita nne, miguu yake iwe mita moja kutoka ukutani, na mtu aishike. Juu ya paa, kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake ndipo papi zilipo. Afadhali zaidi, tandaza ubao na ukanyage ubao.

Mara nyingi panapovuja ni kwenye msumari wenyewe, mpira wa washa ukiwa umekaushwa na jua ukapasuka. Ng'oa msumari, weka washa mpya na msumari mrefu kidogo au mnene kidogo, kwenye tundu lilelile. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, maana bondeni ndimo maji yanamopita. Ukikuta fundi alipiga bondeni, ng'oa, ziba tundu, na upige mgongoni.

Kuziba tundu dogo hakuna ugumu. Sugua kutu kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma kionekane, futa vumbi, paka lami ya kuzibia, bandika kipande cha kitambaa kikavu, paka lami tena juu mpaka kitambaa kisionekane. Tundu kubwa kuliko sarafu linataka kiraka cha bati. Kiraka kiingie chini ya bati la juu na kilale juu ya bati la chini, ili maji yashuke bila kukuta mdomo wazi. Mabati mapya yapandane angalau sentimita 15 juu kwa chini, na ubavuni wimbi moja na nusu, mdomo wa bati ukipa mgongo upande unakotoka upepo.

Mawe na matairi juu ya paa yananipa wasiwasi. Yanakwaruza bati likashika kutu, na siku upepo ukiling'oa bati, jiwe linaanguka alipolala mtu. Dawa ya upepo ni waya. Funga papi kwenye kenchi, kenchi kwenye boriti ya juu ya ukuta, na boriti kwenye nguzo, kwa waya wa kufungia uliokunjwa mara mbili na kukazwa kwa koleo. Msumari peke yake huchomoka upepo ukivuta kwenda juu; waya hauachii. Anza na nguzo za pembeni, ndizo zinazopigwa kwanza.

Nguzo, mchwa na milango

Kila baada ya mwezi, zunguka nyumba ukigonga nguzo zote kwa nyundo karibu na ardhi. Nguzo nzima hulia. Iliyoliwa ndani hutoa sauti ya kitu kilicho wazi. Mchwa hujenga vijia vya udongo kupanda nguzo. Vivunje kila unapoviona, na usiache udongo, magunia au kuni zikiegemea nguzo, kwa sababu hapo mchwa hupanda pasipoonekana.

Nguzo ikioza chini, usiing'oe kabla hujaliegemeza paa kwa mwega wenye nguvu kila upande. Baada ya hapo, kata sehemu iliyooza, simamisha kando yake kipande kipya kifupi kilichochimbiwa ardhini, na uvifunge pamoja kwa waya sehemu tatu. Mti mpya uambue gome na uukaushe. Ncha ya kuzikwa ipake oili chafu ya injini mara mbili, mbali na watoto na mbali na vyombo vya maji, na usimwage mabaki chini. Bora kuliko oili ni kuinua nguzo isiguse udongo kabisa, ikae juu ya jiwe pana au chuma kilichozikwa.

Kuhusu mahali pa kupata miti, tuseme ukweli: uhusiano wetu na wenyeji umeharibika mara nyingi kwa sababu ya kuni na nguzo. Usikate mti mbichi wa asili. Nunua nguzo sokoni, au tumia mti wa mathenge, ambao umeenea kila mahali na hakuna atakayeulilia. Vaa viatu vigumu na glavu, maana mwiba wake hupenya na jeraha hufura.

Milango mingi ya Ifo imeundwa kwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Ni ubunifu wa kujivunia, lakini kingo zake hukata. Kunja kila ukingo nusu sentimita kwenda ndani na uugonge ulale. Mlango ukilegea na kuburuza chini, tazama bawaba. Skrubu zikizunguka bila kushika, zitoe, jaza matundu kwa vijiti vya mswaki vilivyokauka na gundi kidogo, vikate sawa, na urudishe skrubu. Kisha piga ubao wa mshazari nyuma ya mlango, kuanzia chini upande wa bawaba kupanda hadi juu upande wa komeo. Ukiupiga kinyume, mlango utaendelea kulala.

Ili kupunguza joto, tundu moja la hewa halitoshi. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea: dirisha upande wa upepo, na upenyo chini ya paa upande wa pili, ukiwa na wavu wa mbu. Magunia ya chakula yaliyooshwa na kushonwa pamoja hufanya dari nzuri, ukiacha nafasi kati yake na bati na kuiweka mbali na taa ya moto. Panda mwarobaini upande wa magharibi, mita kadhaa kutoka ukutani, uchukue jua la alasiri.

Mtungi, sola na jiko

Mtungi wa plastiki ukipasuka, gundi ya dukani haishiki. Kata kipande kutoka mtungi uliokufa wa plastiki ya aina hiyohiyo, pasha kisu butu, yeyusha kingo za ufa na kipande pamoja mpaka viwe kitu kimoja. Fanya nje penye upepo, usivute moshi wake. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa usiurudishe kwenye maji ya kunywa hata ukiuosha mara mia.

Paneli ya sola inafaa kusafishwa mara kwa mara wakati wa Hagaa, asubuhi ikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji kidogo. Ifo iko karibu kabisa na Ikweta, jua linatupita utosini, kwa hiyo paneli haihitaji kusimama sana. Iinamishe kidogo tu ili maji na vumbi viteremke. Kabla ya kugusa waya, funika paneli kwa blanketi na utoe waya wa betri. Umeme wa volti 12 hauwezi kukurusha, lakini nyaya zake zikigusana huwaka moto, na nyumba ya turubai huteketea kabla jirani hajaamka. Kila kiungo cha waya kifunikwe kwa utepe, na fyuzi iwe karibu na betri.

Jiko likae upande ambao upepo unapeleka cheche mbali na ua wa miiba na nyumba. Ndoo ya mchanga isiondoke hapo.

Kazi za kuachia wengine

Umeme unaotoka kwenye jenereta za mtaa ni volti 240, nao unaua. Mwachie fundi wa umeme, na mkatishe njia ya umeme kabla hajaanza. Bamba la choo lililopasuka usilipige kiraka: zuia watoto, zungushia kamba, na utoe taarifa siku hiyohiyo, maana shimo lililolowa mvua hubomoka bila onyo. Bomba la kituo cha maji cha umma ni la kamati ya maji. Ukuta ulioinama kiasi cha kuonekana kwa macho unahitaji fundi, na watu walale kwingine mpaka atakapokuja.

Pa kuanzia

Ukitaka kuanza juma hili, anza na bomba la maji na futi. Jua maji yako yanakwenda wapi, chimba mfereji, shindilia baraza. Hayo yakikamilika, kila kiraka utakachoweka baadaye kitadumu. Na ncha ya pili ya bomba umpe kijana wa nyumba yako aishike, binti au mvulana, asome sentimita mwenyewe na akuambie maji yataelekea wapi. Watoto wetu wengi wamekua wakiona nyumba ikiletwa kwa lori na kutengenezwa na mgeni mwenye fulana ya shirika. Bibi zao walijenga nyumba kwa mikono yao, wakaihamisha, wakaijenga tena. Ujuzi huo ukipita kizazi hiki bila kurithishwa, tutaununua kila msimu kwa pesa tusizokuwa nazo. Kwa hiyo usifanye kazi hata moja kati ya hizi peke yako. Ifanye na mtu mdogo kuliko wewe, na msimu ujao mwachie aianze yeye.